Menyu ya fonti kwenye kompyuta za steshenari

Nina kaprogramu kangu ka kudizaini kadi, kanatumika kwenye steshenari kadhaa hapa Mbeya, Mwanjelwa na Soweto huko, na kinachonisumbua kuliko vyote wala sio kuprinti, ni menyu ya kuchagua fonti, yaani mtindo wa herufi. Kila kijana aliyepita kwenye zile mashine kadaunlodi fonti zake, za harusi, za kipaimara, zile za kujipindapinda, na hakuna anayefuta. Sasa menyu ikitaka kuzichora zote ndo ifunguke mashine inaganda na mteja kasimama hapo na hela mkononi.

Kwa hiyo na wewe unayeandika programu, chora majina yanayoonekana kwenye skrini tu, mtu akiskroli ndo uchore mengine. Ukitumia Qt, ile maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu, kuna QFontComboBox, menyu ya fonti iliyo tayari, tumia hiyo usijitese. Wa Tkinter, ile ya madirisha kwenye Python, font.families() inakupa majina tu, kupanga kwa alfabeti ni juu yako, na kwenye Windows utaona mengine yanaanza na @, hayo ni ya kuandika wima lugha kama Kijapani, yatoe tu. Wingdings nayo ukiandika jina lake kwa fonti yenyewe vinatokea vipicha mtu hajui hata anachagua nini, jina liandike kwa fonti ya kawaida, sampo, yaani mfano wa maandishi kwa fonti hiyo, ikae pembeni.

Hiyo sampo sasa. Wengi wanaweka AaBbCc, haisaidii kitu, weka maneno ambayo mteja ameyaandika kwenye kadi yake. Huku kwetu ndo muhimu zaidi maana Kinyakyusa kina irabu saba na kuna wanaoandika kwa ɨ na ʉ, fonti nyingi za mapambo hazina hizo herufi, basi kompyuta inaazima kwa fonti nyingine na katikati ya jina la ukoo kunakaa herufi moja ngeni, au kiboksi kitupu kabisa. Kwenye Qt muulize QRawFont kwa supportsCharacter(), atakwambia herufi ipo au haipo, isipokuwepo weka alama nyekundu. Fonti ya Charis SIL inazo zote mbili, japo kwa kadi ya harusi bibi harusi ataikataa tu.

Faili likitoka mashine nyingine na fonti yake haipo, usiibadilishe kimyakimya, acha jina lake kwenye menyu likiwa limefifia ili fundi ajue. Halafu zilizotumika karibuni weka juu kabisa, hawa mafundi kila mmoja ana fonti zake mbili tatu anazozing'ang'ania mwaka mzima.