Kambale anaondoka na ndoano? Angalia fundo kwanza

Pole kaka, umesema pale bwawa la Hombolo, Dodoma, kambale anavuta mara moja tu halafu mshipi unarudi bila ndoano na ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe. Hapo mshipi haujakatika, ni fundo limeteleza, kwahiyo usikimbilie kununua mshipi mnene.

Mshipi wa nailoni unateleza sana, lile fundo la kufungia mbuzi halishiki. Kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kwenye tundu la ndoano, piga fundo moja la kawaida ila usilikaze, kile kitanzi kilichobaki pitisha ndoano nzima ndani yake, alafu LOWESHA kwa maji ndo uvute taratibu. Hapo kwenye kulowesha watu wengi wanaruka na ndo panaponiuma, nailoni ikikazwa kavu inapata joto inadhoofika. Ukikata ncha bakiza milimita 2 au 3.

Kama ndoano zako ni zile zisizo na tundu, zina kibapa tu mwishoni, fundo hilo halifai, zungushia mshipi kwenye shingo yake mara 6 au 7.

Ukishapata samaki mkubwa papasa mshipi karibu na ndoano, ukikuta michubuko kata ufunge upya.

Angalia pia miiba ya mapezi ya kambale, inachoma vibaya. Ndoano ikizama kidoleni usiing'oe kwa nguvu, nenda zahanati, na uulizie sindano ya pepopunda. Ukienda bwawa la Mtera usiingie majini kabisa, mamba na viboko wapo. Leseni ya kuvua muulize afisa uvuvi wa halmashauri.