Biskuti za Dengu kwa Mwenye Kisukari

Wiki hii msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia akitaka kumuokea mama yake biskuti za asali na tende, kwa kuwa vitu hivyo ni vya asili na haviwezi kumdhuru mwenye kisukari. Maneno hayo hayo niliambiwa na jamaa zangu baba alipogundulika kuwa na maradhi haya, na mpaka leo yananiuma, kwa sababu kijiko kikubwa kimoja cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, nayo hupandisha sukari ya damu kama ile ya dukani.

Kilichonishughulisha zaidi ni unga. Gramu 100 za unga mweupe wa ngano zina takriban gramu 76 za wanga na nyuzinyuzi zisizofika 3, na wanga huo hugeuka sukari upesi tumboni hata kama hukutia sukari yoyote. Unga wa dengu, huu wa bajia, una wanga takriban gramu 58, nyuzinyuzi kama 10 na protini maradufu, kwa hiyo sukari hupanda polepole zaidi. Nikauchanganya na machicha ya nazi, ambayo hapa Unguja wengi wetu huwatupia kuku.

Siku ya Idi, shangazi yangu aliisukuma sahani mbele ya wageni akisema kwamba ninawalisha watu chakula cha hospitali. Baba alichukua biskuti, akala, akaomba nyingine. Sasa wanawe shangazi ni miongoni mwa wanaoniagizia, na ninaona fahari kulisema hilo.

Kaanga kikombe kimoja cha machicha bila mafuta hadi yakauke, uyachanganye na vikombe viwili vya unga wa dengu, ufuta, uzile uliotwangwa, pilipili manga na chumvi kidogo sana, kisha utie robo kikombe ya mafuta ya alizeti na mayai mawili, maana unga huu haushikani kama wa ngano. Donge likiwa kavu, nyunyizia maji. Lisukume liwe jembamba, ukate, uoke kwa nyuzi 170 hadi kingo zipate rangi.

Siafiki kumtafutia mgonjwa utamu wa badala kila siku, kwani ulimi huzoea kile unachopewa. Wala tusidanganyane: wanga bado umo, kwa hiyo mpe mbili au tatu na chai isiyo na sukari, umpime kabla ya kula na saa mbili baadaye, ndipo ujue mwili wake unazipokeaje.

Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi asitegemee biskuti hizi pindi sukari yake ya damu inaposhuka chini ya 4 kwa kipimo cha mmol/L, kwa kuwa hazifanyi kazi upesi. Ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari iliyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na biskuti zifuate sukari ikishapanda.