Uvimbe wa Mapafu Unapotoa Homoni: Kwa Madaktari Wanaoanza Kazi Wodini

Mzee aliyenifundisha somo hili alikuwa amelazwa kwa saratani ya mapafu ya seli ndogo, na asubuhi moja aliamka akimwita mwanawe kwa jina la mtu mwingine. Niliamini papo hapo kwamba saratani imefika kwenye ubongo, nikaagiza picha, na tulipokuwa tukiisubiri nikamtundikia dripu ya maji ya chumvi ya kawaida kwa sababu midomo yake ilikuwa mikavu. Picha haikuonyesha kitu. Sodiamu, ambayo ningepaswa kuitazama kwanza, ilikuwa chini mno, milimoli 114 kwa lita, na baada ya dripu yangu ikashuka hadi 111.

Uvimbe wake ulikuwa ukimwaga homoni inayozuia mkojo, hali ambayo Schwartz na Bartter waliieleza mwaka 1957 kwa wagonjwa wawili wa saratani ya mapafu. Figo zikishikwa na homoni hiyo, chumvi uliyoitia kwa dripu hutoka katika mkojo mzito huku maji yakibaki mwilini, na ndiyo maana nilimzidishia mgonjwa tatizo nikidhani namsaidia. Kwa hiyo, pimeni osmolaliti (ukolezi wa chembe zilizoyeyuka) ya damu na ya mkojo pamoja na sodiamu ya mkojo kabla ya kugusa dripu. Tiba ya kawaida ni kupunguza maji anayokunywa. Akipata degedege, hupewa maji ya chumvi ya asilimia 3 chini ya uangalizi wa karibu, na mimi sipendi sodiamu ipande zaidi ya milimoli 8 kwa lita ndani ya saa 24, kwani kuipandisha haraka huweza kuharibu ubongo kwa kudumu.

Kalsiamu ya damu ikipanda hutaka kinyume chake. Saratani ya seli bapa hutoa protini inayoiga homoni ya paratiroidi, ile inayopandisha kalsiamu, na mgonjwa huwa na kiu, hukojoa sana, hufunga choo na kusinzia, dalili ambazo ndugu huzieleza kwa neno moja tu, uchovu. Huyu ndiye anayehitaji dripu ya maji ya chumvi mara moja, kisha dawa ya kuzuia mifupa isimomonyoke, ambayo huchukua siku kadhaa kufanya kazi. Msisahau kusahihisha kalsiamu kwa kiwango cha albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu.

Uvimbe unaotoa ACTH, homoni inayochochea tezi za adrenali kutoa kortisoli, msiusubiri umvimbishe mgonjwa uso, maana katika saratani ya seli ndogo ugonjwa huenda mbio mno. Mtazameni anayeshindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, huku potasiamu yake ikigoma kupanda na sukari na shinikizo la damu vikipanda.

Yule mzee alipunguziwa maji, akaanza tiba ya saratani, na baada ya siku chache akamtaja mwanawe kwa jina lake. Sodiamu yake niliendelea kuipima kila kliniki, kwa kuwa ikianza kushuka tena huenda uvimbe unarudi, hata kabla picha haijauonyesha.