Kabla hujamhamishia mtoto mwenye usonji kijijini

Wazazi wenzangu mlio Nakuru mjini, mlioambiwa juzi tu kwamba mtoto ana usonji (autism), najua mnachowaza usiku: turudi nyumbani Kakamega au Vihiga, mtoto apate utulivu. Sisi tulirudi, na mjini sitaki tena. Lakini boma lina kelele zake, na afadhali mzijue mapema.

Anzeni na paa. Huku mvua hupenda kuja alasiri, na radi juu, na chini ya mabati matupu humsikii hata uliyekaa naye. Mtoto anayeziba masikio akisikia honi ya matatu, hapo atapiga mayowe. Kabla ya kununua ng'ombe, pigeni silingi chumba kimoja, kiwe chake. Wangu nilimchorea picha tatu nikazibandika mlangoni: wingu, blanketi, kitanda. Siku hizi mawingu yakijikusanya upande wa Nandi, anachukua blanketi na kuingia mwenyewe, mvua haijafika. Kinachomtuliza hasa ni kujua kitakachofuata, kuliko ule ukimya tuliouhamia. Ndiyo maana kazi za boma zinamfaa: kuku kwanza, kisha maji, kisha kuchambua maharagwe, ya aina ya nyayo sinia hili, ya manjano sinia lile. Usimbadilishie mpangilio.

Kuna matanga pia, spika usiku kucha. Na ukikaa karibu na Khayega au Shinyalu, kuna asubuhi za fahali kupigana, ngoma za isukuti zinapita barabarani na umati nyuma. Ombeni majirani wawaambie mapema, mtoto akalale kwa shangazi yake.

Sasa maji, na hapa nawasihi. Watoto wengi wenye usonji huponyoka bila kuaga, na maji huwavuta sana. Kisima kiwe na kifuniko cha kufuli, bwawa la samaki lizungushiwe ua, na vijana wa boda pale stejini wamjue mtoto kwa sura na jina, wajue pia kwamba akiitwa huenda asiitike.

Jamaa watakuja na habari za laana na dawa za miti. Usonji si laana, na hakuna dawa ya kuuondoa. Wajibuni kwa heshima, halafu waonyesheni namna ya kuishi naye. Kukhu wake, yaani nyanya yake, alizoea salamu za mkono. Sasa mtoto humgusa bega, naye huitikia vizuri kabisa.

Msihame bila karatasi. Bebeni faili lote la hospitali, na mkifika mwende kituo cha EARC, wanakotathmini mahitaji ya mtoto ya masomo, vituo vilivyoanzishwa nchini 1984. Hao ndio watakaowaelekeza kwenye shule yenye yuniti, yaani darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Mwandikisheni pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi. Tathmini iombeni muhula wa tatu, shule zikiwa bado wazi, ili Januari mwalimu wa yuniti awe ameshamwona mtoto na mtoto ameshaliona darasa likiwa tupu.