Ukienda Selma, usianzie darajani

Kila Machi watu hutembea Selma, mji wa Alabama, Marekani, kuwakumbuka Wamarekani weusi walioandamana hapo mwaka 1965. Mwaka wa kwanza nilikwenda kitalii. Niliegesha gari, nikakimbilia darajani kutafuta pa kupigia picha, nikasimama hapo jua la Alabama likinichoma utosi hadi umati ukafika. Picha nilipata. Matembezi yalinipita.

Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda Machi, anzia nje ya kanisa la Brown Chapel. Hapo ndipo watu wapatao 600 walipoondokea tarehe 7 Machi 1965, wawili wawili kando ya barabara, wakidai haki ya kupiga kura. Wiki chache kabla, askari alikuwa amempiga risasi Jimmie Lee Jackson, kijana wa miaka 26, akafa.

Daraja la Edmund Pettus lina mgongo. Hilo picha haikuonyeshi. Unapanda, na mbele yako ni chuma na anga tu. Ukifika juu ndipo ng'ambo inafunguka. Wao walipofika hapo waliona askari wamejipanga na virungu. Wakateremka hivyo hivyo.

Usiwapite wazee. Mwaka wa pili nilikuwa nyuma ya bibi mmoja anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, mkoba kaupakata kwa mikono miwili kama anakwenda ibadani. Kwenye mgongo wa daraja akaomba asimamishwe. Hakusema kitu. Sote nyuma yake tukanyamaza.

Nenda msalani mapema, maana darajani hakuna pa kuchepukia. Viatu vya siku zote, si vipya (uliza kisigino changu). Malazi tafuta Montgomery, kama kilomita 80. Ndiyo, njia ile ile waliyokuja kuimaliza kwa miguu tarehe 25 Machi, baada ya siku 5.

Ukiwa na mtoto, usimwanzie na habari za sheria ya haki ya kupiga kura iliyosainiwa Agosti mwaka ule. Mweleze begi la John Lewis, aliyekuwa mstari wa mbele akiwa na miaka 25. Alibeba vitabu viwili, tufaha, chungwa, mswaki na dawa ya meno, kwa kuwa alitegemea kulala jela. Aliishia hospitalini, fuvu limepasuka kwa kirungu cha askari.

Wangu ana miaka minane, na habari hii nilimpa pale pale juu ya daraja. Safari iliyofuata alijipangia begi mwenyewe. Nilipolifungua kutafuta maji nikakuta chungwa, na mswaki wake umefungwa kwenye soksi.