Lucille wa B.B. King, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa blues wa Marekani, ni nani?
Hapana ndugu, Lucille hakuwa mke wake wala demu wake, ni gitaa. Ishu ilikuwa hivi: 1949 anapiga shoo kwenye kaukumbi kule Twist, Arkansas, baridi kali, katikati wameweka pipa la mafuta ya taa linawaka watu wapate joto, sasa jamaa wawili wakaanza kuzichapa wakalipiga kumbo lile pipa, moto huo, kila mtu mbio, yeye kufika nje ndo anakumbuka gitaa kaliacha ndani, akarudi kulifuata nusura afe. Baadaye anaambiwa walikuwa wanamgombania mwanamke anaitwa Lucille, basi gitaa likapewa jina hilo na magitaa yake yaliyofuata hivyo hivyo, ajikumbushe asirudie ujinga ule.

Na kwa nini alikuwa anapiga noti chache tu kwenye gitaa? Mwenyewe alikuwa anakiri hawezi kuimba na kupiga kwa pamoja, kwa hiyo akiimba gitaa kimya, akinyamaza linamjibu, na ule mtetemo wa vidole vya kushoto mpaka leo wapiga gitaa wanauiga. Kafariki 2015 akiwa na miaka 89. Hebu tafuta shoo yake ya Kinshasa 1974, tamasha la pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, jasho linamtoka balaa.