Barua kwa mwanangu: insha ya sheria za madai

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza utaiandikaje insha ya kuombea nafasi chuo cha biashara, mada ikiwa sheria za madai zinazowagusa watu kila siku, maneno 600, bila kuonekana umeelemea upande.

Kwanza punguza. Mikataba, ardhi, mirathi, ndoa, fidia: ukizigusa zote utaishia kuorodhesha, na anayesoma maombi hataiona akili yako. Chukua mikataba, maana ndiyo biashara yenyewe, na ndani yake chukua jambo moja tu: korosho zinazouzwa zikingali maua mtini.

Lionyeshe jambo hilo kwa sentensi chache. Mikorosho imeanza kutoa maua, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaounguza maua, unanyemelea, na mkulima wa Tandahimba hana hela ya salfa ya kuuzuia. Mnunuzi anampa fedha leo. Msimu ukifika atalipwa korosho kwa kangomba, kipimo kinachozidi kilo lakini kikahesabiwa kilo. Basi. Usifungue na "tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akifanya biashara". Maneno hayo yanakula nafasi na hayasemi kitu.

Sasa sheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inataka makubaliano yawe ya hiari, wahusika wawe na uwezo kisheria, kila mmoja atoe kitu halali kwa mwenzake, na lengo liwe halali. Kifungu cha 23 kinasema lengo likiwa limekatazwa na sheria, makubaliano ni batili. Vifungu viwili vinatosha. Ukifika cha tano, unaandika mtihani wa sheria. Ununuzi wa kangomba umepigwa marufuku, na korosho ghafi zinapaswa kupitia chama cha msingi cha ushirika, ghala na mnada, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani (mzigo unatunzwa ghalani kwa risiti hadi uuzwe) ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08.

Wengi wakifika hapo wanafunga daftari: sheria imekataza, mnunuzi ni mnyonyaji, kwisha. Hapo ndipo insha inapolala upande mmoja. Mpe mnunuzi hoja yake yenye nguvu kuliko zote. Ametoa fedha miezi kadhaa kabla ya mavuno, bila dhamana. Maua yakiungua, hasara inaweza kuwa yake. Na mkulima hakumfuata kwa ujinga: mzigo ukipimwa chamani leo, hela haiji leo, inangoja mnada, na ikija ina makato. Kisha mpe mkulima yake kwa uzito uleule. Hiari ya mtu asiye na njia nyingine ya kupata salfa ni hiari ya namna gani? Kwenye mnada anapata mizani halali na wanunuzi wanaoshindana. Kwa kangomba ana mnunuzi mmoja aliyekwisha kumshika.

Ujipime hivi: aya ya mnunuzi msomee mtu anayeitetea biashara hiyo. Akisema "ndivyo ningesema mwenyewe", umefaulu.

Lakini usidhani kutoelemea upande ni kugawa nusu kwa nusu na kumaliza na "pande zote zina hoja". Chuo cha biashara kinamtafuta mtu anayeamua. Amua, kisha taja gharama ya uamuzi wako. Kwangu mimi marufuku ni sahihi, ila inaacha pengo: nani atamkopesha mkulima kabla ya mavuno? Aya inayolijibu swali hilo kwa hesabu (mkopo wa pembejeo kupitia chama, unaokatwa baada ya mnada, na nani anabeba hasara mavuno yakifeli) ndiyo itakayokutofautisha. Ipe maneno 150 hivi, na kila upande 140. Yanayobaki yagawie ufunguzi na sheria.

Makosa ya kuchunga: hii ni madai, si jinai, kwa hiyo usiandike "mshtakiwa" wala "hatia". Kuna mdai na mdaiwa, na uthibitisho hupimwa kwa mizani ya uwezekano, yaani upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Usiseme pia kwamba makubaliano ya mdomo si mkataba. Kwa kawaida ni mkataba, ugumu ni kuuthibitisha. Ardhi ndiyo inayodai maandishi. Ukitaja ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, la mkataba ni miaka 6. Ile 12 ni ya kudai ardhi.

Kwa kuwa utaiwasilisha kwa Kiingereza, fikiri kwanza kwa Kiswahili, na neno kangomba uliache lilivyo, ulieleze mara moja tu.

Nitumie rasimu kabla ya Ijumaa, na pembeni ya kila aya uandike idadi ya maneno yake. Nitaanza na ya mnunuzi.

Mama yako